Mtuachie Ngumi, Mbaki na Masanduku Yenu

Gemu bora ya mashujaa kupigana kuliko zote ni Injustice 2. Nalitamka hilo mwanzoni kabisa ili asije mtu akasema naandika kwa chuki, au kwamba nimepigwa mtandaoni nikaja kulilia gazetini. Hasira zote za makala haya zinatokana na ubora wake. Gemu mbovu haimkasirishi mtu mzima. Unaizima, unamuuzia jirani, mnasahau. Kinachouma ni kuona mafundi wamejenga nyumba imara, wakaipaka rangi, wakaiezeka, kisha mwenye duka akaja kuweka kaunta katikati ya sebule na kukusimamisha kila unapopita.

Mafundi wenyewe ni NetherRealm wa Chicago, studio ya Ed Boon, mmoja wa wawili walioianzisha Mortal Kombat mwaka 1992. Waliwahi kuwagusa mashujaa wa majarida ya DC mwaka 2008, enzi za kampuni ya Midway, katika Mortal Kombat vs. DC Universe, gemu ya kuonea huruma ambamo Batman alisimama mbele ya Scorpion wa Mortal Kombat akiwa amefungwa mikono na masharti: Scorpion anaua, Batman haruhusiwi. Midway ikafilisika mwaka uliofuata, Warner Bros. wakanunua mabaki, na mwaka 2013 tukaletewa Injustice: Gods Among Us. Mei 2017 ikaja ya pili, ninayoizungumzia.

Niwape haki yao kwanza. Wamefanya jambo ambalo filamu za mashujaa zimeshindwa kulifanya kwa mabilioni ya dola: wamemfanya Superman atishe. Joker anamlaghai, naye Superman anamuua Lois Lane mkewe, mjamzito, kwa mikono yake mwenyewe. Moyo wa Lois unaposimama, bomu la nyuklia lililofungamanishwa nao linaiteketeza Metropolis yote. Baada ya hapo yule mtu mwema wa mashambani Kansas anaamua kwamba binadamu hawawezi kuachiwa uhuru. Anaishika dunia nzima kwa jina la amani. Wenzake wengi wanamfuata, maana amani ni tamu na mkono wake ni mzito. Batman anaingia msituni na wachache. Sisi tuliolelewa kwenye bara ambalo wakombozi wengi waliingia ikulu wakagoma kutoka hatuhitaji maelezo ya ziada. Tunamjua mtu huyu. Tumewahi kumpigia makofi.

Sehemu ya pili inamkuta yuko gerezani chini ya mwanga wa jua jekundu unaommaliza nguvu, Batman anahangaika kuijenga upya dunia, na Brainiac, mvamizi kutoka angani, anatua kuivuna miji kama anavyofanya kila anakopita. Maadui wawili wanalazimika kushirikiana. Kisha mwishoni, Brainiac akiwa amepigwa magoti, wanagombana kuhusu kumuua au kutomuua, na gemu inakugeukia wewe: chagua upande. Ukimchagua Batman, Superman anavuliwa nguvu zake na kutupwa nje ya ulimwengu huu. Ukimchagua Superman, anaunda upya utawala wake kwa teknolojia ya Brainiac, na Batman anageuzwa mtumwa wa akili. Katika sura 12 za hadithi hakuna hata moja inayosikika kama kisingizio cha kufika kwenye pambano linalofuata, na kwa gemu za ngumi, ambazo kwa kawaida hadithi zake zinaandikwa kana kwamba mwandishi anadaiwa nauli, huo ni muujiza.

Na nyuso! Tazama uso wa Supergirl anapogundua kwamba binamu ambaye yeye alitumwa amlinde amegeuka mkandamizaji. Hakuna mtu anayelia, hakuna muziki wa kukushika shati. Ni macho tu yanayobadilika. Mwaka 2017 gemu nyingi za bei mbaya zilikuwa bado zinatuletea watu wenye macho ya samaki wa barafu.

Sasa ngumi zenyewe, maana huko ndiko kesi inakosikilizwa. Kila mhusika ana kitufe chake kimoja cha kipawa ambacho hakuna mwingine anacho. Flash anapunguza mwendo wa dunia, wewe unajikokota yeye anakuchapa. Bane anajidunga sumu yake, anakuwa ukuta unaotembea, halafu sumu ikimwishia analegea na inakuwa zamu yako kumlipa. Green Arrow anabadilisha mishale: moto, barafu, umeme. Kwa hiyo kujifunza mhusika mpya ni kujifunza tabia mpya, siyo kubadilisha nguo juu ya mwili ule ule. Uwanja nao unapigana: gari limeegeshwa, taa inaning'inia, unamtwanga nacho mwenzako. Mpigo mkuu wa Flash unamburuta adui kupitia nyakati, anampigiza kwenye Sphinx ya Misri, anamgongesha na dinosaria, kisha anamrudisha leo. Mara ya kwanza nilicheka kwa sauti. Ikishazoeleka unatamani kungekuwa na kitufe cha kuiruka, na hakipo, kwa hiyo ukikutana na mpenzi wa Flash jiandae kuiona Misri kuliko Wamisri.

Halafu kuna ule mgongano. Pambano likifika mstari wa pili wa uhai, aliyebanwa anaweza kulisimamisha. Wahusika wanasogeleana, wanatukanana kwa maneno yaliyoandikwa mahususi kwa jozi hiyo, na kila mchezaji kwa siri anaweka dau la nguvu alizokusanya. Mwenye dau kubwa ndiye mwenye faida: ama anarudishiwa uhai, ama anampunguzia mwenzake. Kwa muda mfupi gemu ya vidole inageuka gemu ya kusomana nyoyo. Huyu kaniwekea kiasi gani? Ananidanganya? Nimeona marafiki wanaojuana tangu utotoni wakiangaliana kwa jicho la pembeni hapo.

Kasoro za ngumi zipo, lakini ni kasoro ninazoweza kuishi nazo. Kuna kila mara mhusika mmoja wa kero anayesimama mbali na kufyatua. Kwenye gemu ya kwanza alikuwa Deathstroke na bastola zake hadi wakampunguza makali. Kwenye ya pili akarithi Deadshot, naye wakamrekebisha. Hiyo ni fitina ya kawaida ya mchezo wowote, na dawa yake ni kujifunza kuruka na kukinga. Aliyepigwa na Deadshot ana mtu wa kumlaumu: mwenyewe.

Hapo ndipo uzuri wa gemu za kupigana ulipo, na ndipo ninapoanza kugombana. Gemu ya kupigana ni mkataba kati ya watu wawili. Mimi na wewe, pedi mbili, kioo kimoja. Superman wangu ana nguvu sawa na Superman wako. Nikikupiga, nimekuzidi, ukinipiga, umenizidi, na hakuna refa wa kusingiziwa wala mvua ya kulaumu. Ndiyo maana gemu hizi zimeishi kwenye vibanda vya gemu vya Dar es Salaam na Nairobi bila kuhitaji matangazo: unalipia mechi, unakaa kwenye benchi, aliyeshindwa anampisha anayesubiri. Mtoto wa darasa la tano anaweza kumnyamazisha baba mwenye ndevu. Mwenye fedha na asiye nazo wanapokaa pale wana kitu kimoja tu cha kuonyeshana, nacho ni vidole. Ni sehemu chache sana zilizobaki duniani zenye usawa wa namna hiyo.

Sasa tazama Injustice 2 ilichoufanyia usawa huo.

Kila mhusika ana sehemu tano za kuvaa: kichwa, kifua, mikono, miguu na kifaa cha ziada. Kila vazi linaongeza nguvu, kinga, uhai au makali ya vipawa. Hukuelewa vibaya. Kofia ya Batman inamfanya apige kwa nguvu zaidi. Mavazi hayo huyapati kwa kuchagua wala kwa kustahili. Unapewa na bahati, ndani ya masanduku yanayoitwa Mother Box, ya shaba, fedha, dhahabu, platinamu na almasi. Unahitaji kifua cha Black Canary, sanduku linakupa viatu vya Bane. Unafungua jingine, unapata kofia ya Swamp Thing ambaye hujamgusa tangu ununue gemu. La tatu linakupa hicho kifua hatimaye, lakini kinadai levo ambayo Black Canary wako hajafika, kwa sababu kila mhusika anapanda levo peke yake. Kwa hiyo ukijisikia leo kumjaribu mhusika mpya, unaanza naye chini kabisa, uchi, huku mwenzako amejipamba kama bibi harusi.

Mtetezi wa Warner atanikatiza hapa: lakini mechi za daraja zinazima nguvu za mavazi! Kwenye mashindano nazo zinazimwa! Asante kwa ushahidi, ndugu yangu. Maana yake ni kwamba waliotengeneza wanajua fika kuwa mavazi yanaharibu haki ya pambano, na wakaweka swichi ya kuyazima pale ambapo watu wako makini. Basi kwa nini ndiyo zawadi kuu ya gemu nzima? Kwa nini kila ushindi, kila sura, kila kazi inamalizikia kwenye sanduku? Mpishi anayezuia wageni wa heshima wasile chakula chake, sisi wengine atatuambia nini?

Na masanduku yenyewe, nikiri kwa haki, hayauzwi moja kwa moja kwa fedha za mfukoni. Unayapata kwa kucheza au kwa sarafu za ndani ya gemu. Fedha halisi zinaingilia mlango wa pili, kwa vito viitwavyo Source Crystals. Hivyo unavinunua dukani, kisha vinakusaidia kumpandisha mhusika levo bila jasho, kuhamisha sura ya vazi moja kwenda jingine, kununua skini maalumu, yaani sura nyingine ya kumvalisha mhusika. Ukitazama vizuri utaona ujanja. Kwanza wanakutengenezea kero, kazi ya kupandisha levo wahusika zaidi ya 28 mmoja mmoja. Halafu wanakuuzia dawa ya kero waliyoitengeneza wao.

Kilele cha upuuzi huu ni pale gemu ilipoanza kujicheza yenyewe. Ndani ya Injustice 2 kuna sehemu inayoitwa AI Battle Simulator. Unapanga timu ya wahusika watatu, unawavalisha mavazi, unabonyeza, kisha unakaa kitako kutazama kompyuta ikipigana na kompyuta. Ikiisha unapewa sanduku. Watu wazima wenye akili timamu waliinunua gemu ya kupigana, dola 60 ilipotoka, ili waiangalie ikipigana bila wao. Na walikaa wakaangalia! Mimi nikiwa mmoja wao, chai mkononi. Sijui ni ushahidi gani mwingine unahitajika kwamba kitu kimekwenda mrama. Siku ngumi inapogeuka njia tu ya kufikia vazi, ngumi yenyewe inakuwa usumbufu, na mtengenezaji mwenye huruma anakuondolea usumbufu huo.

Ajabu ni kwamba hadithi yao wenyewe inawasuta. Kwa sura 12 wanatueleza ubaya wa mbabe anayeamini amekusanya nguvu nyingi kuliko wengine kwa hiyo ana haki ya kuwaamulia. Hadithi ikiisha unahamia sehemu ya gemu iitwayo Multiverse, na huko kazi pekee uliyonayo ni kukusanya nguvu nyingi kuliko wengine.

Niende kwenye jambo la pili, ambalo waandishi wa gemu wa Ulaya na Marekani hawaligusi mara nyingi. Nani anapata kuwa mhusika, na nani anafanywa skini?

Vixen ni shujaa wa DC tangu mwaka 1981. Ni Mwafrika, mzaliwa wa nchi ya kubuni iitwayo Zambesi, na hirizi ya ukoo wake inampa nguvu za mnyama yeyote: mbio za duma, nguvu za tembo, macho ya tai. Fikiria mhusika huyo kwenye gemu ya kupigana. Kipawa kimoja kinachobadilika kila unapobonyeza! Fundi yeyote wa NetherRealm angeweza kuliandika hilo usiku mmoja. Wakamfanya skini. Skini ya nani? Ya Cheetah, mtafiti wa Kizungu aliyejipatia nguvu za duma kutoka kwa mungu wa Kiafrika. Shujaa wa Kiafrika akavalishwa juu ya mwili wa mtu aliyechukua nguvu za Kiafrika, akapewa sauti yake na rangi yake, lakini makucha anayopigana nayo ni ya mwingine. Kama ni dhihaka, imefanywa kwa ustadi. Kama si dhihaka, ni mbaya zaidi, maana hakuna aliyeketi kwenye chumba kile akaona.

John Stewart, Green Lantern mweusi ambaye kizazi kizima kilimjua kupitia katuni za Justice League kuliko kilivyomjua Hal Jordan? Skini ya Hal Jordan. Black Lightning, shujaa mweusi wa kwanza wa DC kupewa jarida lake mwenyewe, mwaka 1977? Skini ya Raiden, ambaye hata si wa DC, ni mgeni wa Mortal Kombat. Cyborg, naye mweusi, alikuwemo tangu siku ya kwanza, sikatai, na Black Manta aliuzwa baadaye. Lakini tazama wale tisa walioongezwa kwa kulipiwa: Sub-Zero, Raiden, Hellboy na kasa wa Ninja Turtles walipata viti kamili. Kasa wanne wanaokula piza wana mitindo yao minne ya kupigana. Vixen hana hata teke lake. Na ukipitia hadithi nzima kuitafuta Afrika, utakutana na Gorilla City, mji wa magorila.

Kabla wapenzi wa Marvel hawajaanza kucheka, na wao nina lao. Marvel vs. Capcom: Infinite ilitoka Septemba mwaka huo huo wa 2017. Black Panther anaonekana ndani ya hadithi yake; unamwona, anazungumza, Wakanda ipo. Ukitaka kumcheza, toa fedha tena, maana aliuzwa pembeni mwezi uliofuata. Miezi michache baadaye filamu yake ikatoka na kukusanya zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani. Waliomweka dukani kama nyongeza walikuwa wamemshika mtu ambaye dunia nzima ilikuwa inamsubiri, na hawakumtambua.

Lakini dhambi kubwa ya gemu ile ni Storm. Ororo Munroe, mama yake Mkenya wa ukoo wa kifalme, mwanamke ambaye jarida la X-Men la mwaka 1975 linamkuta Kenya akiabudiwa kama mungu wa mvua. Katika Marvel vs. Capcom 2 ya mwaka 2000, yenye wahusika 56, Storm alikuwa mmoja wa wanne waliotawala mashindano pamoja na Magneto, Sentinel na Cable. Aliruka, akapiga upepo, akashusha mvua ya mawe, na wachezaji wa California walimwogopa kuliko wanavyoogopa polisi. Infinite ilipokuja hakuwemo. Wala Wolverine. Wala Magneto. X-Men wote walifutwa. Capcom walitarajia kuuza nakala milioni 2 kufikia mwisho wa mwaka. Wakafika karibu nusu. Mwaka uliofuata haikupewa nafasi kwenye orodha kuu ya Evo, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, na mwanzo wake ukawa mwisho wake. Na cha kusikitisha, chini ya michoro yake mibovu kulikuwa na mapigano matamu sana.

Kuna waliosema tatizo la Afrika Mashariki si mavazi wala wahusika, ni mtandao. Wanasema kweli nusu. Gemu hizi zinachora picha 60 kwa sekunde. Ngumi ya haraka inaanza ndani ya picha sita au saba. Ukicheza na mtu wa Ulaya na mawasiliano ya kwenda na kurudi yakala milisekunde 150, hizo ni picha tisa: ngumi imekupata kabla jibu lako halijamfikia. Injustice 2 ilitumia mfumo ambao haukusubiri. Mfumo huo unakisia atakachobonyeza mpinzani wako, ukikosea unarudi nyuma na kurekebisha. Wahusika wanarukaruka kidogo, lakini vidole vyako vinatii. Kwa mwaka 2017 hilo lilikuwa jambo kubwa, na gemu nyingine zenye majina makubwa zilibaki nyuma. Kwa hiyo hata hapo mafundi walifanya kazi yao. Mtandao unaotusumbua zaidi ni ule unaohitajika ili duka lifanye kazi: masanduku ya matukio, kazi za muda, vyama vya watu hadi 50, vyote vinataka uwe umeunganishwa. Kibanda chenye luninga na mashine bila bando kinabaki na nusu ya gemu.

Kwenye simu hali ni mbaya kabisa. Toleo la simu ni la bure, na kwetu wenye simu ni wengi kuliko wenye pleistesheni, kwa hiyo hilo ndilo Injustice 2 ambalo vijana wengi wamelijua. Humo hakuna mkataba wa watu wawili. Ni kugusagusa kioo, kukusanya vipande vya Batman hadi atimie, kununua vito, kufungua makasha. Shujaa anauzwa rejareja kama nyama ya robo kilo. Nasikitika sana kila kijana anaponiambia ameicheza Injustice na kumbe ameicheza hiyo.

Serikali nyingine ziliamka. Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitangaza kwamba masanduku ya bahati yanayolipiwa katika gemu kadhaa ni kamari isiyo halali. Mwaka huo huo Warner wenyewe waliliondoa soko la fedha halisi kwenye Middle-earth: Shadow of War baada ya wachezaji kukasirika. Ungedhani somo limeeleweka. Halikueleweka. Februari 2024 walitoa Suicide Squad: Kill the Justice League, gemu ya kufukuzia silaha zenye namba milele, ikawatia hasara ya dola milioni 200. MultiVersus, ambamo Batman na Superman walipigana na Shaggy na Bugs Bunny, ilifunguliwa mwaka 2022, ikafungwa, ikafunguliwa tena Mei 2024, ikauzwa vipandevipande, na Mei 2025 seva zake zikazimwa moja kwa moja. Studio iliyoitengeneza ilikuwa tayari imeambiwa inafungwa. Wafanyakazi walienda nyumbani kwa sababu ya uamuzi wa watu ambao hawajawahi kushika pedi.

NetherRealm je? Wakarudi Mortal Kombat: mwaka 2019, tena mwaka 2023. Injustice ya tatu hatujaiona. Mashujaa walibaki wageni wa kulipiwa kwenye nyumba ya Scorpion, mwezi mmoja Omni-Man, mwezi mwingine Homelander. Kevin Conroy, sauti ya Batman ambayo wengi wetu tunaisikia hata tukisoma kimya, alifariki Novemba 2022. Hata wakiileta kesho, hatakuwepo.

Juni 2025 ilitangazwa Marvel Tokon: Fighting Souls, ya Arc System Works wa Japani, na Storm alikuwa kwenye video ya kwanza kabisa. Nilifurahi. Halafu nikajikumbusha kusubiri nione duka lake limewekwa wapi.

Kwa hiyo ndugu msomaji, fanya hivi. Injustice 2 itafute kwenye toleo la Legendary la mwaka 2018, lenye wahusika wote waliouzwa mmoja mmoja, na usubiri lishuke bei, maana hushuka. Ukiwa na mgeni, weka ile namna ya mashindano ili mavazi yasihesabike, mpige au akupige kwa haki. Vito usinunue hata kimoja. Wenye vibanda, zimeni nguvu za mavazi kwenye mashine zenu zote; mteja akilalamika mwambieni akajifunze kukinga. Na siku Warner watakapoitangaza ya tatu, msilipie kabla haijatoka. Subirini wiki moja, mwulizeni aliyeinunua swali moja tu: Superman wangu na wako wana nguvu sawa? Akisita kujibu, wekeni fedha zenu mfukoni.